Mgeni Aliyekula Peke Yake

Jumatano, 6 Agosti

Nimefagia sebule tena. Asubuhi nilifagia, mchana nikafagia, na jioni hii Mama amepitisha kidole chini ya meza ya televisheni akanionyesha vumbi. Vitambaa vya makochi vimefuliwa na kupigwa pasi. Mapazia ya Krismasi yametolewa sandukuni, na huu ni Agosti. Nanjala, mdogo wangu, ameambiwa asikalie kochi mpaka mgeni afike. Ana miaka minane. Amekaa sakafuni akitazama katuni kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Mgeni anaitwa Johanna. Mjerumani, umri wangu, kumi na sita. Atakaa hapa kwetu Komarock mpaka shule zifunguliwe. Halafu Desemba mimi nakwenda kukaa kwao. Hiyo ndiyo njia pekee niliyopata ya kutoka nje ya nchi, na nimetafuta mwaka mzima. Mipango mingine inataka wazazi wenye mali. Mingine inachukua mwanafunzi mmoja shule nzima, na mmoja huyo kila mara huwa binti wa mtu fulani. Huu ni wa kubadilishana. Mtoto kwa mtoto. Akimaliza muda wake kwetu, naenda. Asipomaliza, siendi. Bi. Wambui, mratibu wa mpango, alilieleza hilo waziwazi.

Alieleza na jingine, siku ya kikao cha wazazi pale ukumbi wa kanisa. Kwamba mtoto huyo si mgeni. Alale chumba kimoja na mwenzake. Ale mnachokula. Apewe kazi za nyumbani, na akikosea akaripiwe. Mama aliitikia kila neno kwa kichwa. Tulipofika nyumbani akasema, "Sasa ulitaka aseme nini? Mtu akikwambia ameshiba, si unamwongezea?" Baba akacheka, akakubaliana naye.

Mgongo unaniuma. Nimekasirika na hata hajafika.

Ijumaa, 8 Agosti

Amefika. Mrefu, ana chunusi kama zangu. Nilifurahi kuziona. Furaha yenyewe ikaishia hapo hapo mlangoni, kwa sababu Mama alimpokonya begi. Johanna akalivuta, Mama akalivuta. Mama anauza nguo za watoto soko la Gikomba na kila wiki anabeba mafurushi. Huwezi kushindana naye kuvuta kitu. Johanna akafuata nyuma mikono mitupu, uso mwekundu.

Chumba chetu mimi na Nanjala sasa ni chake peke yake. Sisi tunalala sebuleni kwenye godoro. Amri ya Mama: tuamke kabla yake, godoro lisimamishwe nyuma ya kochi, asijue kama ametutoa kitandani. Eti mgeni akijua amekunyima kitanda hapati usingizi.

Chakula: Johanna chipsi na soseji, mezani, peke yake. Sisi ugali na sukuma, jikoni, tumesimama na sahani mikononi. Nilitaka kukaa naye. Mama akanivuta kiwiko. "Wewe Nekesa, toka hapo, mgeni anakula." Kwao Bungoma ndivyo alivyolelewa. Mgeni anaachwa ale kwa nafasi yake, asihesabiwe matonge.

Nilisikia harufu ya chipsi mpaka nikalala. Upuuzi mtupu.

Jumapili, 10 Agosti

Leo kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haijadiliwi. Sijawahi kuionja maishani mwangu. Mama amempakulia Johanna. Mtoto wa kike, tena mbele ya Baba. Ni heshima ambayo hata askofu akija hapewi.

Johanna aliigeuza kwa uma, akainusa, akaiweka pembeni mwa sahani. Baadaye niliikuta kwenye ndoo ya takataka imefungwa vizuri kwa karatasi ya kupangusia mikono. Baba naye aliiona. Baba ni karani wa reli, mtu wa maneno machache. Alichukua gazeti akakaa nalo bila kufungua ukurasa.

Halafu Johanna akaja jikoni na sahani yake, anataka kuiosha. Tulikuwa tunaongea. Tukanyamaza ghafla wote, midomo imejaa. Mama akamnyang'anya sahani na kumgeuza kwa mabega, pumzika, pumzika. Johanna aliniangalia. Mimi nikaangalia ugali wangu. Hilo limenikera zaidi ya firigisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Maji ya mfereji hayajaja. Mama amempashia mgeni beseni zima la kuoga. Mimi nimeoga kwa kikombe.

Namchukia. Hajui kama namchukia, na kutojua kwake kunaniudhi.

Jumatano, 13 Agosti

Johanna aliomba apelekwe Gikomba aone Mama anapofanyia kazi. Mama akakataa. Matope, wezi, mikokoteni, hapana. Isitoshe amefunga kibanda kwa ajili ya mgeni. Akampeleka kwenye maduka makubwa yenye ngazi za umeme, wakazunguka, wakarudi. Nina hakika ngazi za umeme ziko hata Ujerumani.

Shangazi Nasimiyu anayekaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga amepigiwa simu aambiwe asije siku hizi. Shangazi ndiye mcheshi wa ukoo mzima. Angemfanya Johanna acheke mpaka atokwe machozi. Lakini Shangazi anaongea kwa sauti, anavaa kandambili, anakaa pasipofaa kutajwa mbele ya mgeni. Wifi yako, Mama, dada wa damu wa Baba. Aibu gani hii?

Jioni nilimtoa Johanna mpaka langoni. Watoto wa jirani wakaita, "Mzungu, sasa!" Akajibu, "Poa!" Wakashangilia kama bao limefungwa. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Hatukumaliza dakika tatu, Mama akatuita dirishani, jua kali, mtoto wa watu ataungua. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya ghorofa.

Nanjala aliniuliza, "Kwani huyu ni wa kuangaliwa tu? Hata mpira wa kati hachezi?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama ndiye aliyenifundisha methali hiyo. Ilikuwa ya wageni wa aina nyingine, nadhani.

Ijumaa, 15 Agosti

Bi. Wambui amepiga simu. Johanna ameomba ahamishwe.

Anasema hatumpendi. Kwamba tunakula kwa kujificha. Kwamba akiingia tunanyamaza. Kwamba hatumwachii aguse chombo chochote, kana kwamba mikono yake ni michafu. Kwamba tumemtenga chumbani peke yake. Kila alichosema ni kweli. Hakuna hata neno moja la uongo, na yote ni uongo.

Jumapili anahamia kwa familia moja ya mtaa wa Umoja. Binti wao ndiye atakayekwenda Desemba. Utaratibu ni huo, wa kwenda anatoka nyumba mgeni anayolala.

Mama aliweka simu mezani polepole. "Nimemfungia hata kibanda," akasema. "Nimempa firigisi."

Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele maishani. Nilimwambia aliambiwa. Aliambiwa kwa Kiswahili, ukumbini, mbele ya wazazi wote. Aliambiwa ampe kazi, yeye akampa soseji. Nilimwambia amenipokonya safari kwa mikono yake miwili, kwa sababu ya mapazia. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Baba akaniambia nitoke nje.

Nilitoka nikapiga teke dumu la maji. Lilikuwa limejaa. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama alitoka alfajiri kwenda Gikomba, bila kuniaga. Baba naye akaenda kazini. Nikaamua godoro silifichi. Nikalala palepale.

Johanna alipofungua mlango alitukuta chini, mimi na Nanjala, shuka moja. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu siku uliyofika. Nikamweleza yote: godoro, jikoni, chipsi, firigisi, Shangazi. Nilidhani atalia aniombe msamaha. Wapi. Alikasirika. Alisema amelia chumbani siku zote hizi akidhani ananuka. Nikamwambia si ungeuliza. Akasema si mngesema. Tukagombana hasa, Kiingereza chake kikikwama, changu kikikwama zaidi, Nanjala akigeuza shingo huku na huku kama anatazama mpira.

Nikamuuliza, haya, kwenu ingekuwaje? Akasema siku ya kwanza ningeonyeshwa friji, nikapewa ufunguo, basi, nyumba ni yangu. Nikisikia njaa nijichukulie. Nikisema sitaki, hawatanisumbua tena. Nikamwambia huo ni ukatili. Akanishangaa. Akasema kwao huko ndiko kumkaribisha mtu.

Nikamletea beseni, sabuni na sare za shule za Nanjala. Tulifua pamoja uani. Hajui kufua kwa mikono hata kidogo. Anapapasa nguo kama anambembeleza paka. Nanjala alimcheka waziwazi, kisha akamshika mikono akamfundisha kusugua kola. Johanna akachubuka vidole, akavionyesha kwa fahari. Nilisahau kwa muda kwamba nimekasirika.

Mama akarudi mapema. Alisimama uani na mfuko wa nyanya akitutazama. Nikadhani ameelewa. Nikadhani atacheka, au atavuta kigoda akae nasi. Akaweka nyanya chini, akamtoa Johanna shati mikononi, taratibu, bila ukali wowote. "Mgeni wangu hafui," akasema. Akainama akamalizia zile nguo mwenyewe. Johanna alibaki amesimama, povu likimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

Nilitaka kupasua kitu. Hakukuwa na kitu cha kupasua.

Jumapili, 17 Agosti

Ameondoka. Bi. Wambui amemfuata kwa gari lake. Johanna alisema sasa angependa kubaki, akalisema mbele yetu sote. Bi. Wambui akasema amechelewa, watu wa Umoja wamejiandaa na wazazi wake Ujerumani wameshaelezwa. Johanna alimkumbatia Nanjala muda mrefu. Mimi kidogo tu, bado tulikuwa na ule ugomvi wetu. Mama alimfungia rundo la chapati, akalipeleka garini mwenyewe.

Safari yangu imekwenda Umoja. Nimerudi kitandani kwangu. Sikitaki hicho kitanda.

Jumatatu, 18 Agosti

Siongei na Mama. Nanjala anapeleka ujumbe kati yetu. "Mama anasema ulete mwiko." Nampa Nanjala mwiko.

Jumanne, 19 Agosti

Leo Mama alivaa gauni la kanisa, na si siku ya kanisa. Sikumuuliza. Jioni Baba ndiye aliyeniambia. Mama alikwenda mjini, ofisini kwa Bi. Wambui. Akamwambia kosa ni la mama, si la mtoto, wasimwadhibu mtoto. Alisubiri kwenye benchi mpaka akapokewa. Bi. Wambui alimsikiliza vizuri, akampa na chai, lakini nafasi imeshakwenda. Labda mwaka ujao. Hakuahidi.

Sijawahi kumwona Mama akimwomba mtu msamaha. Na hata huu sikuuona. Ameuombea mjini, kwa mtu baki, halafu amerudi akasonga ugali kama kawaida, bila kuniambia neno.

Nimezidi kukasirika. Kabla ya leo nilikuwa nakasirika vizuri, moja kwa moja. Sasa ameniharibia hata hilo.

Alhamisi, 21 Agosti

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mapazia ya Krismasi yamerudi sandukuni.

Mchana tulikuwa jikoni mimi na Mama tukichambua mboga za managu. Hatukuwa tumeanza kuongea, tulikuwa tunachambua tu. Akauliza bila kuinua macho, "Huko kwao ungekula wapi?"

Nikamwambia habari ya friji. Kwamba unaonyeshwa siku ya kwanza, halafu unajichukulia, hakuna wa kukuita.

Mkono wake ukasimama. "Na ungeifungua?"

Nikasema ndiyo.

"Nekesa."

Nikachambua jani jingine.

"Usingeifungua," akasema. "Ungekaa chumbani ungoje kuitwa. Na wangekuita, ungewaambia umeshiba. Ungoje waseme mara ya pili."

Hakulisema kwa ubaya. Akaendelea na mboga. Nami nikaendelea, kwa sababu ni kweli tupu. Nimejiona kabisa, nimekaa kitandani kwa watu, tumbo linanguruma, natabasamu kila mlango ukifunguliwa. Na wale wazazi wa Johanna wakipiga simu kwa mratibu wao kusema huyu Mkenya hatupendi.

Tulimaliza managu, Mama akayaosha, mimi nikawasha jiko. Hasira bado ninayo. Ila sasa sijui ni ya nani.