Kurunzi Zilizotulia

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mama. Sote wazima, mama yako kaunguza mkate wa mofa, tumeula hivyo hivyo.

Unauliza kama ni wazimu kutaka mashine ya kupiga picha ndani ya mwili isiyomzunguka mgonjwa kama zile za hospitali. Hata! Siku ya harusi yangu, majumba ya Michenzani ndiyo kwanza yanajengwa, umeme ulikatika, madirisha yamefungwa nisionekane, na kipuli changu cha sikio kikaanguka. Hina miguuni bado mbichi, sithubutu kujitikisa. Somo wangu, aliyenifunda, akanizunguka na kurunzi mbio mbio, akanikanyaga, ua moja la hina likavurugika.

Shangazi akawapigia kelele wanawake waliojaa chumbani: “Kaeni chini! Kila mwenye kurunzi abaki alipo, awashe kwa zamu, aseme anachoona.”

“Kwangu hakuna.”

“Kwangu nguo tu.”

“Kwangu kinang'aa! Kimenasa kwenye asmini za kisogoni!”

Vigelegele hivyo, na hakuna aliyenyanyuka.

Basi na wewe, panga taa za mashine yako kumzunguka mgonjwa, zitulie, ziwake kwa zamu.

Babu yako aliniambia lile ua lililovurugika ndilo zuri kuliko yote. Yupo hapa, anakusalimu. Usimwambie kama nimekwambia.

Bibi yako