Herufi Unayoikimbia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii imekukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na kuku wanataga. Mdogo wangu hajambo? Mwambie viatu vyake sijavisahau, aache kuninunia. Mimi huku mwili haujambo. Nakula, nasoma, na usingizi ninaupata kwa kubahatisha. Habari za moyo nitazifikia taratibu, kwa hiyo nakuomba kwanza ukae chini.

Najua aliyekukabidhi barua hii amekushtua. Ndiye yeye, Redio, mtoto wa yule mshonaji ambaye dirisha lake linatazamana na la chumba chako, ambaye tangu utotoni umetukataza tusikanyage kwao. Usimfukuze. Usimpe mdogo wangu akusomee, hata kama miwani imepotea tena. Isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, kisha iwashie moto wa chai. Ningepiga simu, lakini simu yako inapiga kelele hata ukiibana sikioni, na baba mkubwa akiwa barazani husikia mpaka kikohozi cha mtu aliyepiga.

Unakumbuka baba mkubwa alivyocheka niliposema nimechaguliwa kusoma jamii na lugha za Afrika? Aliuliza kama mtu mzima anakwenda chuo kusomea kuongea, kwani nilizaliwa bubu? Wewe ndiye uliyenitetea. Ulisema mtoto akipenda kitu aachwe akifuate. Basi nimekifuata, Mama, na kimenifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

Masomo yenyewe nayapenda. Tunajifunza jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyomtaja mkwe bila kumtaja jina, na jinsi lugha mbili zikikaa mtaa mmoja zinavyoazimana maneno na kusahau kurudishiana. Mwalimu wetu wa matamshi ni mama wa makamo, mwembamba, tunamwita Mama Irabu, kwa sababu anaweza kusimama mbele ya darasa akatamka a, e, i, o, u kama mtu anayetetemeka kwa baridi, wala hacheki. Huyo mama ana masikio ya kutisha. Ukimpa sauti ya mtu asiyemjua, atakuambia alikulia wapi, akahamia wapi, na pengine ameolewa na watu gani. Nilikuwa namhusudu. Sasa namwogopa kuliko mtu yeyote hapa.

Siku moja alitutaka kila mmoja ataje maneno ya nyumbani kwao ambayo hayasemwi kwa majirani. Mmoja akasema kwao kijiko kina jina la bibi yao, mwingine akasema baba yake huita kila dawa panado. Mimi, kiherehere changu unakijua, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Nikasema mama yangu hasemi karibu. Mgeni akibisha hodi, mama humwambia pita ndani. Darasa likacheka, nami nikanogewa. Nikasema mama hasemi kwaheri, husema nenda salama. Hakuambii rudi mapema, anakuambia usichelewe. Harusi kwake ni ndoa, barua ni ujumbe, chai ya rangi ni chai nyeusi, na sukari haina jina kabisa, ni ile tamu. Nikawamalizia na kichekesho nilichokuwa nimekiweka akiba, kwamba mama yangu akihesabu mayai hafiki arobaini, yeye husema thelathini na kumi. Watu walicheka mpaka wakapiga meza.

Mama Irabu hakucheka. Alikuwa akiandika ubaoni, maneno ya watu wote upande mmoja na ya kwako upande wa pili, na kila nilipotaja neno alisema endelea kwa sauti inayozidi kupungua. Nilipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akaangalia, kisha akaanza kuzungushia duara herufi moja. Karibu. Kwaheri. Rudi. Harusi. Barua. Rangi. Sukari. Arobaini. Upande wako herufi hiyo haikuwapo hata mahali pamoja.

Akasema, kwa ile tabia ya walimu ya kufurahia jibu kabla ya kufikiri, kwamba mtu huyu ana herufi anayoikimbia. Akatueleza kwamba mwaka wa vurugu, kwenye vizuizi, vijana wenye mapanga walikuwa wakiwasimamisha wapita njia na kuwaambia waseme karibu. Aliyesema kalibu alikuwa ni wa Ng'ambo, maana ndimi za huko hazina r, na hakuvuka. Baadhi ya waliovuka, akasema, walikuwa ni watu wa Ng'ambo waliokwisha kujifunza kujibu kwa maneno mengine au kujifanya mabubu, na wapo ambao mpaka leo wanaishi hivyohivyo. Hapo akanitazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Aliyafuta maneno yote kwa kiganja chake, wala hakutafuta dasta, akasema kipindi kimekwisha.

Mama, niliogopa. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Nikabaki nimekaa wenzangu wakitoka, na kila kitu chako kikawa kinanijia kichwani kimevaa nguo nyingine. Vile vikaratasi ulivyotuandikia tukienda dukani. Nilidhani unatuzoesha kusoma, kumbe hukutaka kumwagiza mwenye duka kwa mdomo. Siku tuliyomzika baba, watu walikuja kukupa pole, wewe ukatikisa kichwa tu, shangazi akakusifu kwa moyo wa subira. Na ile siku baba mkubwa alipokuwa akitazama picha ya mwanawe ukutani, akasema kama anavyosema siku zote kwamba wa Ng'ambo ndio waliomwua, na kwamba akimkuta mmoja wao chini ya paa lake hatangoja serikali. Wewe ulikuwa unamwandalia chakula. Ulimwekea sahani, ukapangusa meza, ukatoka. Nilidhani ni adabu ya shemeji.

Paa lake ni hilohilo unaloketi chini yake sasa hivi. Nyumba ni yake, uwanja ni wake, na tangu baba afariki hatuna mwingine wa kusimama kati yenu. Hayo yote nilijua. Nilichokuwa sijui ni siri yako, nami mwenyewe nimeiweka ubaoni mbele ya darasa zima.

Wenzangu wengi wametoka mbali, kwao ilikuwa ni somo tu. Lakini nyuma yangu alikuwa amekaa Redio. Unajua alivyopata jina hilo. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni linakurudia kutoka mtaa wa tatu likiwa na nyongeza. Siku ile alitoka darasani bila neno. Mama, Redio aliyenyamaza ni kitu cha kutisha. Nikawa nambadilishia njia. Nikimwona foleni ya chakula naacha kula. Mara moja nikampita nyuma ya maktaba akiongea na simu, nikasikia akisema, ndiyo Mama, ni mama yake, halafu akaniona akakata. Nikajua amekwisha kumwambia mshonaji, na mshonaji ana wateja, na wateja wana midomo. Wakati huo Redio alikuwa ameanza kusema atakwenda nyumbani mapema, kabla yetu sote.

Nilianza kukuota, nami sitakueleza ndoto zenyewe. Nilikupigia simu, ukaitika, nikasema nilikuwa nakusalimu tu. Ulisema vyema, na kwamba baba mkubwa naye yupo hapo anasikia. Nikakata simu kabla hujaniuliza neno.

Mwisho nikaona kufa kikondoo hakunisaidii. Nilimfuata Redio kwenye chumba cha fotokopi, mashine ikiwa inanguruma, nikamwomba. Nilimwambia nitamfanyia kazi zake zote za darasa, nitamfulia, nitafanya atakalo, ila asifungue mdomo akifika nyumbani. Niliomba nikilia mbele ya fundi wa mashine, ambaye aliona aibu akatoka nje. Redio aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba siri hiyo anayo tangu tukiwa shule ya msingi.

Akanieleza kuwa siku moja, akiwa mtoto, alikuigiza mbele ya mama yake. Alibana pua akasema pita ndani, pita ndani, kama wewe. Mama yake, ambaye hajawahi kumpiga, alimzaba kofi la mdomo, kisha akafunga mlango, akamketisha, akamweleza sababu. Alimwambia kwamba maneno mengine yakitoka yanaua watu, na hilo ni mojawapo. Tangu siku hiyo anatangaza ya wote isipokuwa lako. Kumbe Redio nayo ina kitufe cha kuzima.

Sasa Mama, hili ndilo lililonifanya nikuombe ukae chini. Miaka yote umetuambia kwa nini humpendi mshonaji. Ulikuwa ukisema kwamba siku uliponizaa mimi, wewe unakufa kwa uchungu na yeye anashona, mashine inalia dirishani kwake tangu asubuhi mpaka jioni, hata kuja kukupa maji hakuja. Ulisema moyo wa namna hiyo hujawahi kuuona. Nasi tukamchukia pamoja nawe, tukapita mbele ya mlango wake kama tunapita penye shimo.

Redio anasema mama yake alikusikia. Mwanamke akiwa katika uchungu hachagui maneno, Mama, wala hakumbuki herufi gani ni ya kukimbiwa. Ulikuwa unapiga kelele, unamwita yeye, kupitia dirishani. Ulisema jilani, nakufa, jilani. Ulisema hivyo mara nyingi. Na barazani walikuwa wameketi baba na baba mkubwa, wanangoja. Mwaka wa vurugu ulikuwa haujapoa na baba mkubwa alikuwa bado anaweka panga mlangoni.

Mshonaji alitaka kukimbilia kwako. Alifika mlangoni, akaona baba mkubwa ameinua kichwa anasikiliza. Akarudi ndani, akasogeza cherehani mpaka dirishani, akaanza kukanyaga. Hakuwa na nguo ya kushona. Alishona shuka lake mwenyewe, mistari juu ya mistari, na kila ulipopaza sauti aliongeza mwendo. Baba mkubwa alimfokea aache kelele, mwenzake yuko katika uchungu. Akamjibu kwa matusi, yeye ambaye hatukani, kwamba ana kazi ya watu. Mama, alikubali mtaa mzima umwite mwanamke asiye na utu. Alikubali na wewe umwite hivyo. Hakuacha mpaka aliposikia mtoto analia, na huyo mtoto ndiye mimi.

Nilipomaliza kusikia hayo nilikaa sakafuni kati ya makaratasi. Nikamuuliza Redio kwa nini mama yake hajawahi kukuambia. Akasema alimwuliza hivyohivyo, akajibiwa kwamba mwenye siri akijua kuna anayeijua hatalala tena. Ile simu niliyoisikia nyuma ya maktaba, alikuwa anamweleza yaliyotokea darasani, na mama yake akaanza kulia. Safari yake ya mapema ni kwa sababu mama yake amemwita, hataki kuwa peke yake na jambo hili.

Usidhani nimetulia. Bado naogopa. Naogopa kwamba nimekupokonya usingizi. Naogopa Mama Irabu, ingawa aliniita ofisini akaniomba radhi, akasema alitamani kurekodi sauti yako lakini sasa hatalitaja tena jambo hilo, nami nikamwambia ndiyo, usilitaje. Naogopa hata ulimi wangu. Nikisoma kwa sauti nasita kabla ya kila r, kama ngazi yenye kidato kilichooza. Sikuulizi kwenu ni wapi, wala ulivukaje, wala kama baba alijua. Siku utakayotaka kusema, nitakusikiliza si kwa masikio ya chuo. Usipotaka, wewe bado ni mama yangu na mengine yote ni masomo tu.

Sasa nitoe salamu. Mdogo wangu msalimie sana, na umbane asome. Shangazi akija mpe salamu zangu. Baba mkubwa mwambie mtoto wake anamwamkia, na Mama, uso wako uwe uleule wa kila siku.

Zimebaki salamu za mshonaji, na hizo usimtume mtoto wala usiziandike kwenye kikaratasi. Chukua kile kitambaa chenye maua kilicholala kabatini kikingoja fundi wa sokoni, umpelekee yeye akushonee. Nenda mchana baba mkubwa akiwa kazini. Simama chini ya dirisha lake umwite jirani, kwa ulimi wako mwenyewe, kwa namna yoyote neno litakavyotoka. Usiogope, alishalisikia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako