Kadi za Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe pamoja na mama na huo mguu wake. Je, bandeji imeshatolewa, au bado anabishana na muuguzi kama kawaida yake? Mwambie kitinda mimba wake anamsalimu na anamtaka atulie kitandani, ingawa najua hatatulia. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinanibana kidogo kwa vumbi, na vumbi hilo nitakueleza limetoka wapi. Hofu yangu ni kwenu mlio mbali.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini hafla ya kumpongeza mumeo imefutwa ghafla, wakati wewe gauni umeshashona na mtaa mzima umeshautangazia. Shemeji amekuambia ni fitina, kwamba ndani ya maktaba yupo adui aliyemchimba, na unaniomba mimi niliyemo humo nikutajie jina lake. Nitakutajia. Lakini itabidi univumilie, kwa maana mimi, tofauti na mumeo, sianzi hadithi kwa kumtaja mwizi. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ungenikatia kabla sijafika katikati.

Chumba changu cha watoto unakifahamu. Kilikuwa stoo ya rangi, nikakisugua mwenyewe mpaka kucha zikaisha. Madirisha yake yako chini, mtoto akikaa sakafuni anaona viatu vya wapita njia. Rafu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya ukutani, ya hadithi za upelelezi na za safari za hatari, za watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Huo ndio umri ambao mtoto ama anakamatwa na vitabu, ama anavitoroka moja kwa moja. Ukitaka kumkamata, mpe mkufu uliopotea, mlango usiofunguka, au kisiwa chenye mnara wa taa unaowaka bila mlinzi. Yaliyobaki atayafanya mwenyewe.

Basi wazazi walilalamika kwamba watoto wao hawasomi, wanachezea simu tu. Bodi ya maktaba haikuniuliza mimi, wala haikuwauliza watoto. Iliunda kamati ya kupendekeza vitabu. Ukitaka jambo life bila wewe kuonekana umeliua, dada, liundie kamati.

Walikuwa watatu. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, ambaye watoto wamembatiza Bibi Funzo, kwa kuwa kila kitabu hukishika kwa ncha za vidole, kama samaki aliyechacha, na kuuliza funzo lake liko wapi. Watoto wa kwenye hadithi wanafukuzana na majambazi mapangoni, yeye anauliza kwa nini hawakuaga nyumbani. Wa pili ni muuza madaftari wa kona ile, ambaye hapotezi muda kufungua kitabu: anakipima kiganjani, kizito ni kizuri, chepesi ni upuuzi. Wa tatu, mwenyekiti, ni mumeo.

Usininunie mapema. Sisemi kwamba ni mume mbaya. Nyumbani ni mpole, na mama anampenda. Lakini kwenye vitabu, dada, shemeji ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. Kazi ya bima imemzoesha kwamba jambo la maana huwa ukurasa wa mwisho, pale pa kutia saini. Kwa hiyo hata hadithi huanza mwisho. Alijigamba mbele yetu kwamba anaweza kumaliza rafu nzima kabla chai haijapoa, na kwa hilo sikumbishia, maana nilimwona kwa macho yangu: anafungua nyuma, anasoma mistari michache, anatikisa kichwa kama daktari, anachukua kingine.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Baada ya kusoma hivyo, akaamua kila kitabu kiwe na kadi ya mapendekezo, isimamishwe mbele yake rafuni, yenye maelezo mafupi na saini ya mwenyekiti. Nilifurahi kwanza. Kisha nikaziona kadi zenyewe. Ya kile cha hoteli ilisema: kitabu kizuri sana, kinatufundisha tusiwaamini watu wanaotabasamu ovyo, kwani mpishi ndiye aliyeiba mkufu. Ya kile cha kisiwa ilisema: kinafundisha ujasiri, kwani baba aliyedhaniwa amekufa maji yumo ndani ya mnara wa taa. Na kile cha treni, ambacho mimi mtu mzima kilininyima usingizi, kilimalizwa kwa mstari mmoja: msichana kipofu si kipofu.

Nilimfuata nikamweleza kwa heshima zote kwamba hadithi ya upelelezi ukishaitaja siri yake, umemwaga mtama kwenye kuku wengi, hakuna tena cha kuokota. Alinitazama kwa huruma. Akasema mtoto hapaswi kuchanganywa akili, apewe ukweli tangu mlangoni, kisha akisoma asome kwa utulivu. Bibi Funzo akaunga mkono. Muuza madaftari alikuwa anapima kamusi.

Matokeo yake ungeyatabiri hata wewe usiyependa kusoma. Mtoto wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, msichana mmoja mdogo mwenye ulimi mkali, aliingia, akasoma kadi ya hoteli, akarudisha kitabu mahali pake na kuniambia ameshakimaliza. Akasoma kadi zote za rafu ile amesimama, akaniaga, akaenda kucheza. Wenzake wakafanya hivyohivyo. Chumba kikawa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani.

Hapo kamati ikatoa hukumu kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Shemeji akaiandikia bodi kwamba, kama hali haitabadilika kufikia mwisho wa muhula, chumba kigeuzwe ukumbi wa mikutano ya kamati. Alikuja na futi kamba kupimia meza. Kamati ya kusomesha watoto ilikuwa inawatoa watoto ili ipate pa kukaa, na kati yao hakuna aliyeona kichekesho. Mimi sikucheka. Nilikwenda msalani nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi nikamshikia futi upande wa pili.

Sasa fungua masikio, maana hapa ndipo ulipo mwanzo wa unachoniuliza. Siku hiyo paa lilivuja, kadi ya hoteli ikalowa, wino ukatapakaa. Ilinibidi niiandike upya. Saini haikuwa tatizo: shemeji alishachoka kusaini, akanikabidhi muhuri wa saini yake nigonge mwenyewe. Nikaandika kama ilivyokuwa, neno kwa neno, mpaka nilipofika kwa mpishi. Mkono ukagoma. Nikaandika kwamba daktari ndiye aliyeiba mkufu, nikagonga muhuri, nikaisimamisha rafuni.

Mtoto wa fundi cherehani alipopita akaona jibu limebadilika. Akaniuliza imekuwaje mwanzo alikuwa mpishi na sasa ni daktari. Nikamjibu kwamba mimi sijui, kadi zinaandikwa na mwenyekiti, mtu mwenye ofisi na gari, labda yeye ndiye aliyekosea kusoma mara ya kwanza. Alikunja uso, akachukua kitabu, akaenda nacho kwao. Aliporudi alikuwa amevimba kama andazi kwa ushindi. Akaniambia mbele ya wenzake kwamba kadi ni ya uongo, mwenyekiti hajui kitu, na ushahidi anao.

Dada, hujawahi kuona furaha ya mtoto aliyemkamata mtu mzima kwa uongo. Nikabadilisha nyingine. Nikabadilisha nyingi, lakini si zote. Nyingine niliziacha na ukweli wake, ili wasizoee kwamba kila kadi ni uongo wakarudi kulekule kwa kumaliza kitabu kwa kadi. Wakawa hawana njia ila kusoma mpaka mwisho. Chumba kikajaa. Walikalia viti, sakafu, hata ngazi yangu ya rafu. Walibishana kadi ya kisiwa ni ya kweli au la, wakawekeana zamu ya kusoma, na asiyemaliza kitabu alifukuzwa kwenye mabishano hadi amalize. Mmoja alivunja mguu wa kiti kwa kumtetea mtunza bustani aliyesingiziwa na kadi, na alikuwa na haki, mtunza bustani yule hakuiba kitu.

Yaliyofuata umeshayasikia, tena kwa chumvi nyingi. Bodi iliona vitabu vinatoka, ikauliza siri ni nini, na mumeo akajipiga kifua. Kadi zake, akasema, zimeamsha taifa la wasomaji. Wakampiga picha akiwa na kitabu mkononi, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Wakaandaa hafla. Hata hayo ningeyameza, dada, kwa ajili yako. Chumba kilikuwa kimepona, na mwenye kutaka sifa azichukue akalale nazo. Lakini bodi ikaamua pia kwamba kadi zake zichapishwe na kubandikwa kwa gundi, ndani ya jalada la kila kitabu, katika maktaba zote. Na alizopeleka kuchapishwa ni zile alizoandika mwenyewe, zenye mpishi. Gundi haibanduki. Kila mtoto, kila mahali, angefungua kitabu na kukuta kimeshakufa.

Basi nilikwenda ofisini kwake nikamwambia yote. Njia nzima nilijiandaa kufokewa. Hakufoka. Alinisikiliza, akavuta pumzi kama mtu aliyepona homa, akaniuliza kama kuna mwingine anayejua. Nilipomwambia hakuna, akacheka. Akasema matokeo ndiyo muhimu, watoto wamesoma, sababu haimhusu mtu, na hafla iendelee. Nikamsihi angalau asimamishe uchapishaji. Akasema asiposambaza kadi atasambaza nini, na kwamba akina sisi tunaokaa na watoto mno huishia kufikiri kitoto. Kisha akaniahidi ukatibu wa kamati, pamoja na kiti changu mwenyewe kwenye meza kubwa. Nilimdharau tangu zamani, dada, lakini kwa mzaha, kama shemeji na shemeji. Siku hiyo nilimdharau kweli. Alikuwa amejua kwamba kadi zake zinaua vitabu, na bado alitaka zibandikwe, mradi jina lake liwe chini ya kila moja.

Kwa hiyo adui unayemtafuta ni mimi. Nilitoka kwake nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa maktaba nikasema mbele yake kwamba kadi zilizoleta watoto ni za uongo, niliziandika mimi, na muhuri niliugonga mimi. Sikushikwa na mtu. Nilijishika mwenyewe, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuizuia gundi ile.

Mkuu ni mtu anayeogopa kelele kuliko moto. Alifunga mlango, akafunga na dirisha. Akaamuru kadi zote zitolewe, za kweli na za uongo, kwa kuwa sasa hakuna awezaye kujua ipi ni ipi, na hakuna kati ya wakubwa hao aliye tayari kusoma vitabu ili ajue. Uchapishaji ukafutwa, hafla ikafutwa, kamati ikapewa mapumziko yasiyo na mwisho. Chumba kimebaki cha watoto, hilo alinihakikishia. Ila mimi siwezi kubaki humo, maana nimetumia vibaya muhuri wa mwenyekiti. Nimehamishiwa kwenye hifadhi ya magazeti ya zamani, chini ya ngazi. Hilo ndilo vumbi nililokutajia.

Mumeo atakuambia nimemwonea wivu. Mwache aseme. Kwa ajili ya kadi siombi msamaha, hata akija kunidai mbele ya mama. Kwa ajili ya gauni naomba msamaha, na kwa ajili ya majirani, maana najua watakavyokuuliza na najua utakavyojibu huku unachezea vidole. Ukinuna, nuna, nitakusubiri. Nilitaka tu ulisikie kinywani mwangu.

Inaniuma, sitakuficha. Watoto hawajaambiwa nilikokwenda. Mahali pangu wamemweka kijana mpole wa idara ya hesabu, na rafu yangu iko pale pale, haina kadi hata moja. Chumba chao kiko juu kabisa ya kichwa changu, na sakafu ni ya mbao. Juzi mchana niliwasikia wakigombana kuhusu kitabu kipya, kama nahodha ndiye aliyezamisha meli au ni yule mpiga picha. Sauti ya mtoto wa fundi cherehani ilikuwa juu ya zote, anaapa kwamba ni nahodha. Si nahodha. Niliweka gazeti chini, nikawasikiliza mpaka kengele ya kufunga.

Nisalimie mama sana, umwambie mguu si wa kupigania heshima. Wasalimie na majirani wanaostahili. Shemeji naye msalimie, salamu hazikatazwi.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Wa chini ya ngazi