Sabuni Iliyorudisha Mwiko

Jumanne, Ujiji

Bado nanuka mawese, na nimefunga mlango kwa komeo mapema. Kwa sababu ya sabuni, jamani!

Mama Zawadi, mwenye nyumba wangu, aliona sabuni ya mawese tuliyokuwa tunapika na wanawake wa jirani imekuwa nzito, akamimina maji ili ilegee. Ikazidi kukaza. Nikazungusha mwiko, nikauachia. Mwiko ukarudi wenyewe ulikotoka, wanawake wote wanatazama.

Wakarudi nyuma hatua moja. Kisha jirani mmoja akasema, "Huyu Mrundi, tangu aje hapa..."

Nilifundisha fizikia Bujumbura kabla ya kukimbia. Najua kuna vimiminika ambavyo chembe zake hujipanga kama za fuwele. Ukizipinda, zinavuta kurudi zilivyokuwa. Sabuni ikizidishiwa maji huweza kufika hapo. Lakini ningeanzia wapi? Ningesema chembe zimejipanga, wangeuliza nani kazipanga.

Nikamfikiria mwanangu. Mama Zawadi akitufukuza, ni kambini moja kwa moja.

Basi nikachukua chumvi ya Uvinza, nikawa naitia kidogo kidogo huku nakoroga. Chumvi huuvuruga ule mpangilio. Sabuni ikalegea, ikaanza kutiririka kutoka kwenye mwiko. Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Mama Zawadi alimvuta binti yake nyuma yake kwanza, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu," akasema polepole, "kama si wewe uliyeifunga, umejuaje kuifungua?"