Baba anasubiri mkataba wake wa nyumba ya wazee uishe Ijumaa

Mpendwa shangazi mshauri, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa ijayo, maana siku hiyo uongo wangu unafika mwisho na sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare, nina miaka arobaini na sita, na baba yangu ni mchekeshaji, wale wa zamani wa kusimama jukwaani na koti lenye viraka na kofia ndogo, watu wa rika lako huenda wakamkumbuka kwa jina la Kiherehere, amevunja watu mbavu miaka arobaini na mitatu kwenye kumbi na harusini, na hata msibani aliwahi kuitwa akaenda. Sasa ana themanini na moja. Tangu mama afariki nilikuwa naishi naye, lakini mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi natoka jioni, na yeye akaanza kuanguka, mara ya kwanza bafuni, mara ya pili kwenye ngazi, mara ya tatu nikamkuta sakafuni jikoni, jiko linawaka na sufuria imeungua mpaka kitako, akaniambia, "Usishtuke, nilikuwa nafanya mazoezi ya kuanguka." Nikacheka, shangazi, halafu nikaingia chumbani nikalia.

Kaka yangu anaishi mbali na kazi yake ni kutoa amri kwa simu, akasema nitafute nyumba ya wazee, nikapata moja safi, yenye wauguzi na bustani, ila kila nikiigusia baba anasema, "Huko si ndiko wanakopelekwa wasio na watu? Mimi nina watu." Nikashindwa. Siku moja maneno yakanitoka yenyewe, nikamwambia kuna ukumbi unamwomba, miezi mitatu, maonyesho mawili kwa wiki, na watampa chumba. Akanyoosha mgongo ambao daktari alishasema haunyooki tena. Akauliza swali moja tu, watazamaji ni watu wa namna gani, nikasema wazee, akasema, "Aa, hao wagumu. Wameshasikia kila kitu."

Siku ya kumpeleka nikampa fomu ya kupokelewa nikamwambia ndiyo mkataba. Akavaa miwani, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, alipofika kwenye swali la kama anaweza kwenda chooni peke yake na nani apigiwe simu akizidiwa, akasema, "Promota huyu ana maswali kuliko polisi," akaandika jina langu, akasaini Kiherehere, msimamizi akamwomba asaini tena kwa jina lake.

Tatizo ni kwamba ameishi pale kama msanii mgeni. Nguo ziko kwenye sanduku mpaka leo kwa sababu mtu wa ziara hapangi kabatini. Hali chakula meza moja na wenzake, anasema msanii akila na watazamaji watamzoea, kwa hiyo anakula peke yake kwenye kiti cha karibu na jikoni. Mazoezi ya miguu amekataa, eti hayo ni ya wenyeji. Anayelala naye chumba kimoja, fundi saa mstaafu, baba anamwita "mwenye nyumba." Lakini Jumanne na Ijumaa anapanda kwenye jukwaa la meza mbili, na wazee wanacheka kweli, isipokuwa yule fundi saa ambaye hasikii vizuri na hucheka kwa kuchelewa, na baba humngoja acheke ndipo aendelee.

Sasa ametangaza Ijumaa ni onyesho la kuaga, na ameniambia nije na koti limepigwa pasi, nimchukue turudi nyumbani. Msimamizi ameniita akasema, "Dada, huyu mzee hajahamia hapa, amefikia tu. Mwambie wewe, la sivyo nitamwambia mimi." Kaka anasema, "Mwambie mkataba umeongezwa. Kwisha." Na barua ya kuuongeza nimeshaiandika, iko kwenye mkoba. Miezi mitatu hii nimekwenda kumwona mara nne tu, kila mara nasingizia kazi, kumbe siwezi kumtazama machoni. Nimpe hiyo barua, au nimwambie kwamba hakuna ukumbi wowote uliomwita? Naogopa atanyamaza, na baba yangu hajawahi kunyamaza.

Ni mimi, Binti Mwongo.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza, umeficha jina lako ukaanika la baba yako. Hilo la Kiherehere nimembandika mimi, ili asijisome gazetini.

Pole kwa kuchoka. Kumpeleka mzee penye wauguzi si kumtupa, na atakayekusema aje akae jikoni kwako kuanzia alfajiri mpaka jioni. Hapo sina neno. Neno langu ni hicho kilemba cha ukoka ulichomvika. Uongo wa kwanza ulikuwa wa huruma na woga. Huu wa pili, wa barua na mkoba, ni uvivu mtupu.

Hebu isome tena barua yako. Mtu aliyesaini mikataba miaka arobaini na mitatu anavaa miwani, anakuta karatasi inamuuliza habari za choo, halafu anaamini ni mkataba wa ukumbi? Labda. Uzee una mambo yake. Lakini mimi naona mtu aliyemwona binti yake amekwama katikati ya maneno, akamsaidia kuyamaliza. Kama anajua, amekungoja miezi mitatu useme. Kama hajui, amekula peke yake miezi mitatu kwa sababu yako. Vyovyote iwavyo, wa kusema ni wewe, si msimamizi.

Chana hiyo barua leo. Kaka yako mwambie asante, na akiwa na la kuongeza apande basi. Omba ruhusa kazini ya siku nzima, uende kabla ya Ijumaa, asubuhi, akiwa ameshakula. Kaeni wawili tu. Mwambie, "Baba, nilikudanganya. Hapa ndipo unapoishi. Nimeshindwa kukulinda nikiwa kazini, na niliogopa kukwambia." Ishia hapo. Usiseme "ni kwa faida yako," sijaona mzee aliyewahi kufurahia maneno hayo. Akikasirika, mwache akasirike, nawe usiinuke kitini. Akinyamaza, nyamaza naye.

Onyesho la Ijumaa lisifutwe, liondolewe tu neno la kuaga. Na umwombe msimamizi abandike Jumanne na Ijumaa za baba yako kwenye ratiba ya nyumba, pamoja na saa za chakula na dawa. Wazee wale wanacheka kwa hiari yao, hilo wewe hukulitunga, na baba yako ana haki ya kulijua.

Atakuuliza atarudi nyumbani lini. Piga moyo konde umjibu, "Hurudi, baba. Mimi ndiye nitakayekuja, kila Jumapili." Kisha Jumapili ya kwanza itafika, umechoka, nguo hazijafuliwa, na moyo unakwambia kukosa wiki moja si kitu. Nenda.