Nilikosa Nguruwe, Nikatoboa Simtanki la Jirani

Bi Hadija mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima na kwa woga, na msaada ninaouomba nauomba haraka, kabla sijasaidiwa na polisi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa korosho na mihogo huku Ziwani, mume wa mke mmoja ambaye kwa maneno ananitosha kabisa, na kitongojini kwetu ni mimi peke yangu mwenye bunduki yenye leseni, kwa hiyo nguruwe pori wakivamia mihogo ya mtu naitwa mimi, na watu wamenibandika jina Sindano kwa sababu eti nikilenga sikosi, na jina hilo ndilo linaloniponza leo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama watoto. Bunduki ile niliinunua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na kasoro. Mbele kabisa, juu ya mdomo wa mtutu, kuna kichuma kidogo kinachosimama kama jino, ndicho unachokipanga na mkato wa nyuma ili ulenge. Cha kwangu hakikusimama. Kililalia kulia kama mzee anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, na ukikifuata, risasi inakwenda kushoto. Mtu mwenye akili angeirudisha, lakini nilikuwa nimeshajitapa kijiji kizima, nikaona aibu, nikaizoea kama mtu anavyozoea kitanda chenye mguu mbovu: nikimtaka nguruwe, silengi nguruwe, nalenga hatua moja kulia kwake, na risasi inampata. Miaka tisa nimefanya hivyo, na hiyo ndiyo siri yote ya Sindano.

Mwezi uliopita akaja fundi Goodluck kutoka Chikongola kunitengenezea mashine ya kupulizia mikorosho, na wakati anakunywa chai akaniona naifuta bunduki vumbi, akacheka.

"Mzee, hiki kidude mbona kimelala? Lete nikuamshie."

Nami nikampa, Bi Hadija, kama mtu anayempa jirani kiberiti. Akaegemeza kipande cha mti, akagonga nyundo mara tatu, akafumba jicho moja. "Tayari. Sasa hata kipofu anapiga." Nilitakiwa niijaribu mahali panapostahili. Sikuijaribu, kwa sababu nilizionea risasi uchungu, na kwa sababu watu wangeuliza, Sindano anajaribu nini?

Jumatatu iliyofuata, jua limeshachomoza, nikamkuta dume la nguruwe kwenye mihogo yangu, kule mpakani na kwa Mama Claudia. Nikapiga goti, nikabana pumzi, nikalenga kama ninavyolenga siku zote, nikafyatua. Nguruwe akanitazama. Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake, ndipo akaondoka, wala si kwa mbio za kunipa moyo. Nikarudi nyumbani nikasema nimemtisha.

Sasa nikueleze Mama Claudia ni nani. Jina lake Carlota, ni mjane, babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani za vita, lakini yeye amezaliwa hapa hapa na mihogo yake imeota hapa hapa. Yeye ni Mkristo, kwa hiyo nguruwe ninaowaua, ambao mimi siwagusi hata kwa fimbo, nampigia mluzi na wapwa zake wanakuja kubeba, na Idi ikifika jogoo wa kwangu hutoka bandani kwake, akiwa hai, nimchinje mwenyewe. Jumatatu ile hakuwepo, alikuwa Mtwara mjini kwa binti yake aliyejifungua. Amerudi Alhamisi amekuta simtanki lake la maji limekauka, na chini, karibu na koki, kuna tundu. Bi Hadija, nimelipima tundu lile kwa macho mpaka nalijua kuliko uso wangu. Liko kimo cha mtu aliyechuchumaa. Na kila asubuhi, saa ile ile, Mama Claudia huwa amechuchumaa pale anasuuza sufuria.

Kijiji kikajaa uani. Mtendaji wetu, Yusufu, akaingiza kidole kwenye tundu, akatikisa kichwa, akasema, "Aliyepiga hapa ni mtaalamu. Amepiga katikati kabisa." Na mimi, Mungu anisamehe, kidogo nilifurahi. Mtu mmoja akauliza isije ikawa risasi ya Jumatatu, ile tuliyoisikia, ndipo wote wakacheka. "Sindano akose nguruwe apige tanki? Labda alifumba macho yote mawili!" Nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Mama Claudia hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akasema polepole, "Mimi nimezaliwa hapa. Lakini mtu akipiga risasi nyumbani kwangu ananiambia kitu, na mimi nimesikia." Amewapigia simu ndugu zake ng'ambo ya mto. Mwisho wa mwezi huu inakuja Canter kuchukua vitu vyake. Na kabla sijameza hilo akanigeukia, akanishika mkono mbele ya watu.

"Baba Jafari, mimi hapa namwamini mtu mmoja, ni wewe. Uwe unakuja asubuhi na bunduki yako, ukae hapa nami nifanye kazi zangu, mpaka niondoke."

Kwa hiyo kila asubuhi, Bi Hadija, nakaa kwenye kigoda kando ya tanki lililotobolewa, nikiwa na bunduki iliyolitoboa, nakunywa uji wa mama niliyekaribia kumuua, na yeye ananishukuru. Uji haushuki. Nimepungua mpaka suruali naishika kwa mkono. Juzi mke wangu ameniangalia wee, akaniambia, "Baba Jafari, kila ukifyatua risasi mimi hadithi yake naisikia mara tatu. Hii ya Jumatatu hujanihadithia hata mara moja." Nikamwambia nina mafua.

Nimefikiri nimnunulie tanki jipya kimya kimya, nimwombe Yusufu aseme ni msaada wa kijiji. Nimefikiri pia nikigonge kile kichuma kirudi kulala kama zamani, maana nadhani fundi amekipinda upande wa pili na bunduki imeharibika. Nikisema ukweli nitapoteza leseni, jina, na pengine nitalala ndani. Nisiposema, yule mama anahama nchi aliyozaliwa kwa ajili ya nguruwe ambaye bado yuko hai na bado anakula mihogo yangu. Nifanye nini? Tafadhali usinitaje.

Mimi, ninayetetemeka, Ziwani.

*

Baba Jafari,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na mara ya pili nilifika kwenye kimo cha mtu aliyechuchumaa nikaiweka chini. Majina nimeyabadilisha yote na kijiji pia, lakini kitongoji chenye bunduki moja hakina siri, ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu siku kumi kabla halijachapwa. Ukilisoma hapa gazetini na bado hujafanya kitu, basi umechelewa kwa kupenda mwenyewe.

Tuanze na bunduki, kwa sababu naona ndiyo unayoililia zaidi. Mimi bunduki naziona mabegani kwa walinzi wa benki tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako jirani yangu, mzee Erasto, aliyefundisha mgambo mpaka akaota mvi. Alikuwa anamenya chungwa. Nilipofika kwenye nguruwe akainua kisu, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia: nikalenga kama ninavyolenga siku zote. Akasema, "Basi. Mwambie bunduki yake ilitii."

Hujaelewa? Siku zote unalenga hatua moja kulia kwa mnyama, kwa sababu kichuma kililala. Goodluck akakisimamisha. Wewe ukalenga kulia vile vile, na risasi ikaenda kulia vile vile, moja kwa moja uani kwa mjane. Kasoro ilitoka kwenye chuma ikabaki mkononi mwako, kwa sababu mkono ulikuwa umeizoea kwa miaka tisa na hakuna aliyeuambia kwamba mambo yamebadilika. Sasa unataka kukigonga tena kilale! Yaani baba mzima, badala ya kujirekebisha wewe, unataka kukipinda chuma kikufuate.

Hapo sijakugombeza bado. Silaha ya moto haitengenezwi na fundi wa mashine za mikorosho kati ya chai na kitumbua, hata awe na mkono mzuri namna gani. Na hata kichuma kingesimama wima kama mnara wa msikiti, hata mkono wako ungekuwa sawasawa, usingefyatua pale, kwa sababu nyuma ya mihogo ile kuna nyumba ya mtu. Risasi inayomkosa nguruwe haisimami kuuliza njia. Ulijua nyumba iko pale. Ulikuwa ukimpigia mluzi mwenye nyumba hiyo aje achukue nyama! Miaka tisa kuna Mungu aliyekuwa anakuhifadhi, na wewe ukadhani ni ustadi.

Kwa hiyo leo, si kesho, toa risasi ndani, ifungie bunduki, usiiguse tena kwa nguruwe wala kwa ulinzi. Halafu, kwa mpangilio nitakaokueleza, ipeleke polisi pamoja na leseni yako, useme ilichokifanya na nani aliigonga, na uombe ikaguliwe na mtu mwenye idhini ya kazi hiyo. Nguruwe waachie afisa wanyamapori wa wilaya, ana mshahara. Sitakudanganya kwamba watakupigia makofi. Wanaweza kuichukua. Wanaweza kukuweka benchi siku nzima ukijibu maswali ya askari wa umri wa Jafari wako. Jibu. Anayekwenda mwenyewe huulizwa tofauti na anayefuatwa.

Sasa tanki. Nunua, hilo ni deni lako, lakini tanki la siri litupilie mbali. Carlota haondoki kwa kukosa maji. Anaondoka kwa sababu anaamini yuko mtu hapo kijijini asiyemtaka, na amekaa anazipitia sura za majirani zake mmoja mmoja, anajiuliza ni nani. Tanki jipya halitamjibu. Na wewe ndiye unayemharakisha: kila asubuhi ukikaa pale na bunduki magotini, unamthibitishia kwamba adui yupo. Unamlinda dhidi ya mtu ambaye hayupo. Angejua kwamba aliyetoboa tanki ni jirani mmoja mjinga mwenye majivuno, angelala usingizi usiku huo huo. Angekutukana kwanza, halafu angelala.

Jina la Sindano acha liende. Watu watakucheka mpaka msimu wa korosho upite, na watakupa jina jingine, baya zaidi. Umecheka nao walipokusifu kwa uongo, utashindwa nini kucheka nao wakisema kweli?

Anza na mkeo. Huyo tayari anajua, anangoja tu heshima ya kuambiwa, na mafua yako hayajamdanganya hata kuku. Nenda naye kwa Carlota asubuhi, mikono mitupu, bunduki ibaki imefungiwa. Ukitoka hapo mfuate Yusufu, na Yusufu akusindikize polisi, ili kijiji kisikie kutoka kwako kabla hakijasikia kutoka barabarani. Usibadilishe mpangilio huo. Mwenye kukosewa husikia wa kwanza.

Na utakapofika uani kwake, nakujua, utataka kuanzia kwenye nguruwe. Usianzie kwenye nguruwe. Usimtaje fundi, usimweleze habari za kichuma kilicholala, usimwambie hakuwepo siku ile kana kwamba kutokuwepo kwake ni utetezi wako. Uji akikuletea, usiupokee. Simama, mwangalie, mwambie, "Mama Claudia, ni mimi niliyepiga." Halafu nyamaza, mwache aseme.