Muhogo Uliolowekwa Kijitoni

Nambambo, Nachingwea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute nje unaota jua, na baridi ya Njombe imekuachia kifua. Mimi sijambo, ila moyo si mzima, na wewe sikufichi. Huku mikorosho imetoa maua, vumbi limetutawala, na kijiji kizima kinategemea kijito kimoja.

Ndicho nilichotumwa kukipima. Chupa za maji nimezipeleka mjini, majibu bado. Lakini kijito husema chenyewe. Kule juu, karibu na chemchemi, ukigeuza jiwe unakuta kaa wadogo na wadudu wanakimbia huku na huku. Huku chini, wanakoteka akina mama, niligeuza mawe mpaka mgongo ukauma. Utelezi, harufu, na minyoo wekundu tu.

Katikati ndipo wanapoloweka muhogo. Ni desturi yao, Mama: muhogo mchungu huzamishwa majini mpaka ulainike na uchungu utoke, kisha huanikwa na kutwangwa. Zamani kila ukoo ulikaa mbali na mwingine, na ulikuwa na dimbwi lake. Tangu wahamishiwe kijiji kimoja, wote wanaloweka pale pale, juu ya mahali wanapoteka. Aliyepanga nyumba kwa kamba hakuuliza muhogo utakwenda wapi.

Mwenyeji wangu ni Bi Somoe, mjane wa umri wako. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Hadija, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Mimi aliniita "Maji". Mwezi uliopita alishikwa na kuhara. Tulimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, upande wa Mnero. Hatukufika naye. Mama, nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Hitima ilipokwisha, wazee waliniita kikaoni nieleze nilichokiona. Akina mama wakaja juu. "Maji haya haya wamekunywa bibi zetu!" Sikubishana nao. Niliwapeleka kijitoni, tukageuza mawe ya juu, kisha ya chini. Kelele zikaisha. Wakakubaliana muhogo ulowekwe chini, mbali na wanapoteka.

Jioni Bi Somoe alikuja akakaa kizingitini kwangu.

"Bwana maji, wewe umesoma. Usinifiche, mwanangu. Ni muhogo wangu uliomuua Hadija?"

Ukweli ni kwamba sijui. Muhogo ule ulikuwa wa kijiji kizima, na maradhi yana njia nyingi. Nikisema siyo, ataona namdanganya, maana ni mimi niliyesimama kikaoni nikasema maji yale yameoza. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimemzika na yeye. Nimejifunza kupima maji, hili sikufundishwa.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe zake, shangazi mfinyanzi, na mdogo wangu aliye shuleni. Mwambie asome, lakini asidhani kusoma kunamaliza kila kitu.

Na wewe, Mama, ulimzika kaka yangu bila mtu kukuambia kilichomuua. Ungetaka ujibiwe nini? Niandikie hilo kwanza, habari nyingine zingoje. Bi Somoe hajauliza tena, ila tangu siku ile hajaloweka muhogo.

Ni mimi mwanao,
Osmundi